Kapteni wa Mabata Bukini, Sehemu ya Tisa: Sauti ya Meja

"Kikosi... simama!"

Naam, msomaji, hayo ndiyo yaliyomtoka Kapteni Ozias Pell wiki iliyopita, mchana kweupe, katikati ya barabara, hatua nne kutoka kwenye masharubu ya Sajini Ruppel. Maneno mawili tu. Lakini kwa mtu ambaye kijiji kizima cha Zandhoek kinamjua kuwa ni bubu tangu tumboni mwa mama yake, maneno mawili ni hotuba.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihuzunike. Kapteni Ozias ni ofisa wa waasi wa Connecticut wanaopigana na Mfalme wa Uingereza. Jenerali wake alimtuma avuke maji aje huku kwetu Long Island, achungulie Waingereza wanapanga nini. Lafudhi yake ya Connecticut ingemfikisha kwenye kitanzi kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo akaambiwa asiseme kabisa. Akawa Teunis, shemeji bubu wa mjane Femmetje Roelofs, mchunga mabata bukini.

Wiki saba alinyamaza kama jiwe. Lakini mtu aliyefundisha makuruti gwaride miaka mitatu hawezi kuona viumbe arobaini wakivunja mstari na kuelekea kwenye kabichi za watu, akavumilia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kapteni alijikwaa ulimi akaanguka kifudifudi.

Na mabata walisimama. Wote arobaini. Kwa mstari.

Sajini Ruppel alikuwa Mjerumani wa Hesse, mmoja wa wale waliokodiwa na Mfalme kuja kumpigania. Jitu refu, masharubu kayapaka dawa ya viatu. Alimtazama bubu. Akawatazama mabata. Akamtazama bubu tena.

"Huyu," akasema, "amesema."

"Nani?" Femmetje akauliza.

"Huyu shemeji yako."

"Amesema nini?"

"Kikosi, simama."

Msomaji, mwanamke mwingine angezimia. Femmetje Roelofs hakuwa na muda huo. Alitupa kapu lake, akapiga magoti kwenye matope, akainua mikono juu.

"Muujiza! Jamani, muujiza! Bata kamng'ata shemeji yangu, ulimi umefunguka!"

Akamvuta Kapteni kwa mkono na kumfinya kwenye nyama ya ndani, pale panapouma. "Sema tena, Teunis! Miaka thelathini kimya! Sema jina langu niamini!"

"Fe... Femmetje," akasema Kapteni.

Alilisema vizuri kupita kiasi kilichohitajika. Wiki saba alikuwa akilisema moyoni tu, zizini, akiwa amelala kati ya majani na manyoya. Femmetje akaona haya. Sajini, kwa bahati, hakuona kitu, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi na dawa ya viatu inamtiririka mashavuni.

"Mama yangu angekuwa hai aone hili," akasema, akivua kofia. Kisha akili ya kijeshi ikamrudia. "Bata yupi?"

"Eti?"

"Aliyemng'ata. Bata yupi?"

Femmetje akanyoosha kidole hovyo. "Yule. Mwenye shingo chafu."

"Mchukue. Mchukue na shemeji yako. Twendeni wote kwa Meja. Leo siku ya tatu hana sauti!"

*

Sajini alitangulia na bata kwapani. Hao wawili wakafuata, wakinong'onezana.

"Una kichaa wewe?" Femmetje akasema bila kusogeza midomo.

"Ulimi uliteleza."

"Uliteleza! Kwani mabata wangu wamejiandikisha jeshini?"

"Walikuwa wanavunja mstari."

"Mungu nipe subira. Sasa sikiliza, Kapteni wa Mabata. Ukiulizwa, jibu kidogo, tena polepole. Ulimi wako umekaa miaka thelathini bila kazi. Una kutu."

"Una kutu," Kapteni akarudia polepole, akijaribu.

"Polepole zaidi. Na usitembee hivyo!"

"Hivyo vipi?"

"Kama umemeza ufagio!"

Meja Cuthbert Lisle alikuwa amepanga katika nyumba ya Mchungaji Everardus, kando ya ufuko, na askari wake mia mbili wamepiga mahema nyuma ya bustani ya kabichi. Waliingia wakamkuta amekaa kitini, shingo imezungushiwa soksi ya sufu iliyopakwa mafuta ya nguruwe, na ubao mdogo na chaki mapajani. Alipotaka kusema, kulitoka mvuke tu, kama birika lililosahauliwa jikoni. Pembeni alisimama msaidizi wake, Luteni Fenn, kijana wa umri wa miaka ishirini na mbili ambaye sauti alikuwa nayo, ila ya kifaranga. Siku iliyotangulia alijaribu kuamrisha gwaride. Askari walicheka hadi mmoja akadondosha bunduki.

Sajini akaeleza muujiza. Mchungaji akasema Bwana asifiwe. Meja akaandika, Luteni akasoma:

"Meja anauliza, wewe unajua kusoma?"

"Sijui, bwana mkubwa," Kapteni akasema polepole. "Nilikuwa bubu."

"Ububu na kusoma vinahusiana vipi?"

"Sikuweza kuuliza ile herufi inaitwaje."

Luteni akafikiri, akaona jibu lina mantiki. Meja naye akatulia. Mtu asiyejua kusoma si wa kuogopwa. Akaulaza ubao mezani, upande wa maandishi ya asubuhi ukiwa juu, akageuka kushughulikia matibabu.

Na juu ya ubao ule, msomaji wangu, mambo yote ambayo Kapteni Ozias aliyatafuta kwa wiki saba katika mavi ya mabata yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa za chaki, kutoka kikao cha asubuhi:

ALHAMISI. MASHUA KUMI. WATU MIA MBILI. TUNAVUKA KWENDA HOLLIS. CHOMA GHALA LOTE.

Moyo wa Kapteni ukaruka. Hollis! Ghala la unga na viatu vya kikosi chake mwenyewe! Wenzake sitini wanalilinda, na kati yao kumi na watano wanatembea pekupeku wakisubiri hivyo hivyo viatu. Lakini leo ilikuwa Jumanne. Binamu wa Femmetje, muuza chaza, angevuka kesho asubuhi na ujumbe. Muda ulikuwepo tele.

Alikaribia kutabasamu.

"Sasa," akasema Mchungaji, "huyu bata alimng'ata wapi hasa?"

Femmetje na Kapteni wakatazamana.

"Matakoni," akasema Femmetje.

Meja akatoa macho. Akaandika neno moja. Luteni akasafisha koo.

"Meja anauliza, lazima?"

"Mchungaji," Femmetje akasema, "miujiza hatuibadilishi sisi."

"La hasha," akasema Mchungaji. "Naamani mwenye ukoma aliambiwa ajichovye mtoni mara saba, hakubishana."

"Alibishana," akasema Luteni.

"Mwishoni alijichovya."

Basi ofisa wa Mfalme akainama, akashika kingo za meza, akageuza uso ukutani. Sajini akamsogeza bata. Bata akamtazama Meja. Meja akafumba macho. Bata akala kipande cha mkate kilichokuwa juu ya kiti.

"Hana njaa ya Meja," akanong'ona Sajini.

"Mfinye kidogo," akashauri Mchungaji.

Sajini akamfinya. Loo! Bata alipiga kelele ya kupasua bati, akarukia mbele, akang'ata, akakamata, akasokota. Meja alifungua kinywa wazi kabisa. Mishipa ilimtoka shingoni, uso ukawa mwekundu kama kiazi sukari, soksi ikaruka. Na hapakutoka sauti hata ya mbu.

Hakuna aliyewahi kuona mtu akilia kwa nguvu vile kimya vile.

Bata akaachia, akapita dirishani. Nje akatua katikati ya askari waliokuwa wakinywa supu ya njegere. Sufuria ikapinduka. Watu hamsini wakaanza kumfukuza, watu hamsini wengine wakawafukuza wale, hema likaanguka likiwa na watu ndani, bunduki ikalia, na mtu mmoja akapiga ukelele kwamba waasi wamefika.

Ni fujo tu. Adui wamechanganyikiwa. Mpelelezi mwenye akili angefurahi, akakunja mikono, akatazama.

Kapteni Ozias Pell alitoa kichwa dirishani.

"MGUU... SAWA!"

Kambi nzima ikaganda. Watu mia mbili wakasimama wima, wengine na vijiko mkononi. Hata aliye ndani ya hema lililoanguka alinyooka. Ulionekana uvimbe wake tu.

Femmetje akajifunika uso kwa aproni.

Lakini Meja Lisle, angali ameinama, alikuwa amegeuza shingo. Machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo kwa siku tatu. Akaukamata ubao. Chaki ikalia kwii, kwii.

"Meja anasema," Luteni akasoma, na sauti yake ikazidi kuwa nyembamba kwa wivu, "hajawahi kusikia koo kama hilo. Anasema, bata kashindwa kumpa sauti, basi Mungu amempa wewe. Kuanzia sasa wewe ndiye sauti ya Meja. Anasema pia hakuna haja ya kungoja hadi Alhamisi."

"Kungoja nini, bwana mkubwa?" Kapteni akauliza, ingawa alijua.

"Tunavuka leo. Sasa hivi, kabla maji hayajapwa."

*

Mashua kumi zilipangwa ufukoni, pua zikitazama Connecticut. Maji yalikuwa yamejaa, lakini sisi wa Zandhoek tunaujua ufuko wetu: maji yakianza kutoka hayaagi mtu. Nusu saa, na palipokuwa na bahari panabaki matope ya kufika mapajani. Mashua isiyokuwa ndani ya maji muda huo italala hapo hadi usiku.

Kapteni naye aliujua. Alisimama juu ya pipa, mbele ya askari mia mbili, akiuangalia mstari wa maji ukigusa jiwe jeusi. Binamu muuza chaza alikuwa sokoni, hana habari. Wenzake sitini walikuwa Hollis, hawana habari. Alichokuwa nacho ni koo tu.

Kijiji kizima kilikuja kutazama bubu akiamrisha jeshi. Femmetje alisimama kando ya farasi wa Meja aliyefungwa kwenye uzio, na Sajini Ruppel akasimama kando ya Femmetje, kama kawaida yake. Tangu majira ya kuchipua alikuwa akimwomba Meja ruhusa ya kumwoa mjane huyu, maana askari haoi bila kibali cha mkubwa wake. Femmetje mwenyewe hakuwahi kuulizwa. Meja naye hakuwahi kujibu.

"Shemeji yako ana kifua," Sajini akasema kwa heshima.

"Ana kifua. Kichwa ndicho sijui," akajibu Femmetje.

Luteni Fenn akamnong'oneza Kapteni. "Waambie: kulia geuka, mbele tembea, hadi kwenye mashua."

Kapteni akavuta pumzi.

"Kikosi! Kushoto... geuka! Mbele... tembea!"

Watu mia mbili wakageuka kushoto, wakaingia kwenye kabichi za Mchungaji.

"Kulia, we mjinga!" Luteni akalia. "Nilisema kulia!"

"Nisamehe, bwana mkubwa. Kulia na kushoto hunichanganya. Nilikuwa bubu."

"Ububu na kulia vinahusiana vipi?"

"Huo nao ni mjadala mrefu," Kapteni akasema, polepole sana, na askari wakazidi kwenda.

Waliponda kabichi, wakaponda vitunguu, wakafika kwenye ghala la Mchungaji. Kapteni akawageuza. Wakarudi. Akawageuza tena. Meja alikimbia kando yao, mkono mmoja nyuma alikong'atwa, mkono mwingine ukiinua ubao: MASHUA! MASHUA! Lakini askari wa Mfalme amefundishwa kutii sauti. Kusoma hakumo katika mafunzo yake.

Jiwe jeusi likatoka majini. Likakauka.

Hapo, msomaji, Kapteni angeweza kuacha. Lakini ilikuwa miezi mingapi hajashika kikosi halisi? Watu walikuwa wanatembea vizuri. Jua liliwaka juu ya visu vya bunduki. Damu ikamchemka.

"Kwa safu nne, unda mraba! Safu ya mbele, goti chini! Inuka! Kwa mwendo wa pole, zungukia ubavu wa kulia... zunguka!"

Mraba ulizunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Wanakijiji wakapiga makofi. Mchungaji, aliyepoteza kabichi zote, naye akapiga makofi.

Meja Lisle aliacha kukimbia. Alisimama katikati ya shamba akihema, akamtazama yule mchunga mabata juu ya pipa. Mchunga mabata gani anajua kuzungusha mraba kwa ubavu wa kulia? Yeye mwenyewe ilimchukua miaka sita.

Akakaa chini kwenye kabichi. Kwa shida, kwa upande mmoja. Akaandika.

Akatafuta wa kumsomea. Luteni Fenn? Luteni alikuwa amekimbilia mashua peke yake kuisukuma, na sasa alikuwa amezama matopeni hadi kiunoni, akipiga kelele ambazo kila mtu alidhani ni za ndege. Meja akamwendea Sajini Ruppel, akamsukumia ubao kifuani, akaugonga kwa kidole: soma!

Sajini akaushika. Akaugeuza juu chini. Kijerumani alikisoma, tena kwa kufuata kidole. Kiingereza cha kuandikwa, kwake, kilikuwa alama za miguu ya kuku.

Lakini alijua nani anaweza. Si ndiye aliyekuwa akiwasomea wanakijiji gazeti la New York kila Jumamosi? Na lini Sajini amekosa sababu ya kumsemesha?

"Bi Femmetje," akasema, akiinama, "nisaidie. Anasemaje?"

Femmetje akapokea ubao. Uliandikwa hivi:

HUYU NI OFISA WA WAASI. MFUNGE. KESHO ANYONGWE.

Akaisoma mara moja. Akainua macho, akamwona Ozias juu ya pipa, anang'aa kwa furaha, kasahau dunia, anaamrisha mguu pande. Mwanaume mzima. Akamtazama farasi wa Meja, kafungwa kwa fundo moja jepesi. Akaitazama barabara ya msituni, tupu.

"Bi Femmetje?"

Akalifuta neno la mwisho kwa kidole gumba, halafu yote kwa kiganja, kama mtu anayepangusa meza.

"Anasema amekukubalia," akasema.

"Amenikubalia nini?"

"Unioe. Anataka iwe leo."

Msomaji, ungeuona uso wa Sajini Ruppel! Bunduki ilikwenda huku, kofia ikaenda kule. Alimkumbatia Meja, akambusu mashavu yote mawili akamwachia masharubu ya dawa ya viatu.

"Meja ameruhusu!" akanguruma. "Ninaoa! Jamani, ninaoa!"

Askari mia mbili, ambao hakuna hata mmoja aliyetaka kupanda mashua siku ile, walipiga hoihoi. Wakambeba Meja juu mabegani kwa ukarimu wake. Meja alipiga ngumi hewani, akanyoosha kidole kwenye pipa, akajikata shingo kwa mkono kuonyesha kitanzi. Wakadhani anacheza. Wakacheza naye.

"Mchungaji! Yuko wapi Mchungaji?"

Mchungaji Everardus alikuwa papo hapo, na kitabu hakimtoki mfukoni. Sajini akashika mkono wa Femmetje, wakasimama kwenye kabichi zilizopondwa.

Femmetje hakumtazama bwana harusi. Alikuwa akimtazama Ozias, na macho yake yakielekea kwenye farasi, yakirudi, yakielekea kwenye farasi. Nenda, yalisema. Hakuna anayekuangalia. Mashua zimelala matopeni, wenzako wako salama. Nimekununulia mlango, pita!

Na Kapteni alielewa. Hakuwa mjinga wa kiasi hicho. Aliteremka kwenye pipa taratibu. Akapita nyuma ya askari wanaoimba. Akafika kwenye uzio. Fundo likafunguka kwa kuvuta mara moja. Akatia mguu kwenye kikuku cha tandiko, akapanda, na mbele yake barabara ilikuwa nyeupe na wazi, na kitanzi cha kesho hakikuwa chake tena.

"Basi," akasema Mchungaji nyuma yake, akilamba kidole na kufungua ukurasa, "kama yupo mtu yeyote hapa mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, na aseme sasa."

Juu ya mabega ya watu, Meja Cuthbert Lisle aliinua mikono yote miwili, akafungua kinywa hadi magego yakaonekana. Askari wakampigia makofi.

Farasi akapiga hatua moja. Akapiga ya pili.

Akasimama.

"Mimi," ikasema sauti kutoka kwenye uzio, sauti ile ile iliyosimamisha kambi, bila kutu yoyote, bila upolepole wowote, na kwa lafudhi ya Connecticut ambayo hata kiziwi angeitambua. "Mimi napinga."

Vichwa mia mbili viligeuka kwa pamoja.

Femmetje akafumba macho. "Mpumbavu wewe," akasema taratibu, na msomaji, alikuwa anatabasamu.

Sajini Ruppel akamwachia mkono. Akaitafuta bunduki yake kabichini, akaiokota, akaipangusa udongo kwa kiwiko, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye uzio.

"Shemeji," akasema, "kwa sababu gani?"